Ukuta Usio na Saruji

Ukitoka Nakuru mjini kwa matatu ya Nairobi, konda hata hajamaliza kukusanya nauli utakuwa umepita Hyrax Hill. Ni kilima cha mawe, kilomita kama nne kutoka mjini, kilichopewa jina la pimbi wa kwenye miamba yake. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938. Mwaka wa 1943 kilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la kulindwa, na 1965 makumbusho yakafunguliwa. Wanafunzi wakiletwa huonyeshwa makaburi ya kale na vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Mimi nataka tuangalie mashimo mengine, yale makubwa ya ardhini, ambayo mtu asiyeambiwa atadhani ni mabonde tu ya nyasi.

Wataalamu huyaita mashimo ya Sirikwa, kwa jina ambalo masimulizi ya Wakalenjin huwapa watu waliotangulia katika nchi hii. Yapo Nakuru, yapo Nandi, yapo Uasin Gishu hadi mpaka wa Elgeyo. Mahali pengine hayafiki kumi, pengine yanapita mia. Upana wake ni mita 10 hadi 20, na kina kwa wastani ni kama mita 2.4. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa nyumba za watu. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyeyachunguza kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nyumba zilijengwa kando, mlango wake ukifungukia zizini. Mtindo huo ulidumu tangu karibu mwaka wa 1200 hadi miaka ya 1700.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Unachimba kwenye mteremko, bila chepeo ya chuma cha dukani, bila tingatinga. Ukimaliza, upande wa juu unabaki na ukingo wa udongo unaotaka kuporomoka ndani. Mvua inalowesha, ng'ombe wanakanyaga. Kwenye nchi ya mawe, hasa Uasin Gishu, watu hao walizungushia zizi kuta za mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, bila kitu cha kugandisha. Na mlango, mmoja tu, waliuweka upande wa chini wa mteremko. Ulikuwa mlango wa ulinzi, ndiyo, na palikuwa na vibanda vya walinzi kando yake. Lakini upande wa chini ndiko pia maji yanakojiendea yenyewe. Zizi la kina cha mita mbili na nusu lisilo na njia ya maji lingekuwa kidimbwi ndani ya wiki moja ya mvua za Aprili.

Haya ya maji nilifunzwa na fundi mmoja. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha, nikawa nabeba mawe kwa mjengo huku naandika usiku. Siku moja nikamuuliza mbona anamwaga kokoto nyingi hivyo nyuma ya ukuta, mahali hakuna mtu ataziona.

"Kijana wangu," akasema, "udongo hausukumi ukuta. Maji ndiyo yanasukuma."

Alitia chumvi kidogo, lakini hesabu inamuunga mkono. Udongo mkavu wa kawaida husukuma pembeni kwa kama theluthi ya uzito wake: takriban nusu tani kwa kila mita mraba, kwa kila mita moja unayoshuka. Maji hayapunguzi kitu. Kila mita moja ya kina ni tani nzima. Kwa hivyo ukuta wa mita 2 uliojaa maji nyuma yake unasukumwa pale chini kwa tani 2 za maji, na udongo bado unadai sehemu yake. Kokoto na matundu ya kutolea maji huondoa deni hilo kabla halijalimbikizana.

Ukuta wa mawe makavu hauhitaji kutobolewa, maana wote ni matundu. Mfano mkubwa uko Migori, Thimlich Ohinga, uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Kuta zake, zilizoanza kujengwa kama karne ya 16, zina uso wa nje, uso wa ndani, na safu ya katikati inayozikamatanisha. Hakuna chokaa. Mawe yanashikana kwa namna yalivyopangwa.

Bloku za kisasa za kushikana, zile zenye ulimi na mfereji, zinafuata wazo hilohilo. Kila bloku inazuia mwenzake kuteleza, na maji yanapenya kwenye maungio. Kuna na ndugu yake wa chuma. Mwaka wa 1902, huko Bremen, Ujerumani, mhandisi Tryggve Larssen alibuni mabamba ya chuma yanayoumana kwa kingo, ya kupigiliwa ardhini kabla ya kuchimba. Hayo kazi yake mara nyingi ni kuyazuia maji yasiingie shimoni, kwa hiyo huhesabiwa tangu mwanzo yabebe uzito wa maji. Hatari iko katikati: ukuta unaozuia maji na hakuna aliyeuhesabia maji.

Ploti niliyokuwa nimepanga ilikuwa na ukuta wa aina hiyo, mawe ya kuchonga na simiti safi, tundu hata moja hakuna. Mvua ikanyesha wiki tatu, ukalala juu ya kamba za nguo. Bahati ni kwamba watoto walikuwa shule. Mwenye ploti alisema ni mvua kubwa.

Hilo neno tunalipenda sana. Tarehe 9 Mei 2018, ukingo wa bwawa la Patel kule Solai ulipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Tarehe 29 Aprili 2024, alfajiri, maji yaliporomoka kutoka Old Kijabe yakaifagia Mai Mahiu, watu wakiwa vitandani. Hapo tena walikufa zaidi ya 40. Mwanzoni ilisemwa ni bwawa. Kisha serikali ikaeleza kwamba palikuwa na njia ya maji chini ya tuta la reli, ikazibwa na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka likaachia. Tuta lilijengwa libebe treni. Siku ile lililazimishwa kuwa bwawa.

Mvua ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini mlango wa chini ulikuwa umezibwa, na hakuna aliyeufungua.

Watu wanazidi kupanda Menengai na vilima vya Naivasha na ploti zao za hamsini kwa mia, na kila ploti kwenye mteremko itataka ukuta. Fundi atakutajia bei ya mawe, bei ya simiti, siku za kazi. Kabla hujatoa pesa, muulize swali moja, naye akuonyeshe kwa kidole: maji yatatokea wapi?