Nyumba ya vitabu na hadithi ya batumbula

Watoto wa kikundi chetu hapa Mantapala wanapenda kuja kusoma mchana. Ikifika saa kumi na moja jioni, wote wanakimbia kama wamefukuzwa. Siku moja niliwauliza: mnakimbia nini? Mdogo mmoja akasema, ndani ya nyumba ya vitabu kuna muzimu. Mwenzake, mkubwa kidogo, akamsahihisha: "Si muzimu. Ni batumbula. Wanakupa kitabu, unasoma, unasinzia, wanakutoa damu."

Nilicheka. Lakini usiku nikakumbuka kwamba bibi yangu kule Pweto alitutisha na neno hilo hilo tukichelewa kurudi nyumbani. Na yeye alilipata kwa baba yake, aliyefanya kazi Elisabethville. Basi kicheko kikaisha. Neno likishatoka kwa mzee mpaka kwa kitukuu, na likavuka mpaka pamoja na sisi, hilo si neno la kuchekwa. Lina historia.

Elisabethville, ambayo tangu 1966 inaitwa Lubumbashi, ilianza 1910. Mwaka huo reli kutoka Rhodesia ilifika pale, na mwaka uliofuata tanuru la shaba la kampuni ya Union Minière likaanza kutoa moshi. Mashine zilikuwepo, watu walikuwa haba. Kwa hiyo walitafutwa mbali. Kampuni ya Robert Williams iliandika vijana upande huu wa Zambia, pamoja na bonde la Luapula, ikawapeleka kwenye migodi ya Katanga. Ndugu zetu wenyeji wa Nchelenge wanaposema babu zao walikwenda Kongo kutafuta pesa, ndiyo habari hiyo. Njia yetu ya kukimbilia huku, wao waliipita zamani wakielekea kule.

Maisha ya kambi za wafanyakazi yalikuwa magumu, hasa miaka ya mwanzo. Nimonia ilikuwepo, ajali zilikuwepo, na 1918 mafua makubwa ya dunia nzima yakapita. Kijana anaondoka kijijini mzima, harudi, na mama yake haonyeshwi kaburi. Atasema nini huyo mama? Atasema wamemla.

Ndivyo batumbula walivyopata nguvu. Anayejua kwamba kwa Kiswahili kutumbua ni kupasua, ataelewa haraka. Hadithi ilisema hivi: kuna watu weusi, mara nyingi maboyi na wapishi wa wazungu, wanaolipwa kukamata watu usiku. Aliyekamatwa anafungwa chini ya nyumba, analishwa mpaka anageuka nguruwe, kisha anawekwa mezani kwa bwana. Kila mji ulikuwa na nyumba ambayo watu hawakupita mbele yake giza likiingia.

Hadithi hiyo haikuwa ya Katanga peke yake. Upande huu wa Rhodesia ya Kaskazini, miaka ya 1930, walisema banyama. Pwani ya Kenya na Tanganyika walisema mumiani. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto, na nyumba ya kuogopwa ilikuwa stesheni ya magari ya kuzima moto. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya habari hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Anasema tusizipime kwa kuuliza tu kama ni kweli au uongo. Tuulize watu walikuwa wanasema nini kuhusu kazi, damu na serikali walipozisimulia.

Mimi nikitazama ziwa letu la Mweru, naona jibu moja karibu sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi pande hizi. Serikali ya kampuni, upande wa Waingereza, iliwaondoa watu ufukoni mwa Luapula na Mweru. Mvuvi akakatazwa maji yake mwenyewe. Upande wa Wabelgiji, daktari alifika na sindano, akawapanga watu mstari, akawashika shingo kutafuta tezi zilizovimba, akazichoma, akachukua maji yake na damu. Usipokuwa na karatasi ya daktari, husafiri. Dawa ile iliokoa watu, hilo sikatai. Lakini nani aliwaeleza kwa lugha yao ile damu inakwenda wapi? Ukichukua damu ya mtu bila kumweleza, atajieleza mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hapa hawalijui. Maboyi, wale wale waliosingiziwa kuwa batumbula, waliandika kitabu chao. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na ndani yake ni Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha shule. Anasimulia wazungu wa kwanza, mishahara, maboyi na mabwana, na habari za batumbula pia zimo. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wale ambao mji uliwaita boyi mpaka wakazeeka, ndio walioacha maandishi yanayosomwa leo katika vyuo vikuu.

Na mji wenyewe? Union Minière ilitaifishwa 1967, baadaye ikawa Gécamines. Miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka vibaya. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Bomba refu la tanuru bado linasimama. Mji uliokosa kazi unabaki na majengo makubwa na hadithi.

Kwingine hadithi za namna hii ni mchezo. Evansville, Marekani, mji uliokuwa ukitengeneza friji nyingi, una maktaba ya watu wote inayoitwa Willard, iliyofunguliwa 1885. Wanasema tangu 1937 mwanamke wa kijivu anaonekana humo. Maktaba imeweka hata kamera ili watu wa dunia nzima wamtafute kwa intaneti. Yule mwanamke hadai kitu kwa mtu. Kwetu hofu ina deni ndani yake, ndiyo maana haichezewi.

Tena inaua. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulishika kusini mwa Malawi, watu wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Mwanzoni mwa 2020 hapa Zambia kulikuwa na habari za watu wanaopuliziwa gesi usiku, na makumi ya watu waliuawa na makundi yenye hasira. Ukiangalia nani anashikwa kwanza, mara nyingi ni mgeni: mtu asiyejulikana, anayeongea lugha nyingine, anayetembea usiku. Sasa ndugu zangu, hapa Nchelenge mgeni ni nani? Ni sisi. Tukiacha neno batumbula litembee ovyo katika kambi, siku moja linaweza kurudi na jina letu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nasema hivi kwa heshima: mama akikataa mtoto wake achomwe kidole kwenye zahanati, usiandike tu kwamba hana elimu. Kaa chini, mwambie damu inakwenda wapi, itapimwa nini, na majibu yatarudi siku gani. Mwambie kwa Kiswahili au Kibemba, na usiharakishe.

Kwetu sisi tulijaribu kitu kidogo. Tuliwaita wazazi, tukafungua milango na madirisha yote, tukatoa vitabu nje mpaka nyumba ikabaki tupu. Watoto wakaingia, wakagonga sakafu na miguu kutafuta shimo. Hawakulipata. Kisha wao wenyewe wakarudisha vitabu ndani, wakihesabu kwa sauti.

Yule mkubwa kidogo ndiye anayeshika ufunguo sasa. Bado anafunga saa kumi na moja kamili. Nilimuuliza, bado unaogopa? Akasema hapana, ni juu ya giza, hatuna taa.

Hilo nalo ni deni, na hili linaweza kulipwa.