Kaunta ya River Road

Jijini Nairobi, kutoka jengo la iliyokuwa Hoteli ya Hilton hadi River Road ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Unavuka Moi Avenue, unavuka Tom Mboya Street, na mara mji unabadilika: vibao vya gesti, mafundi wa redio, wapiga debe, mizigo iliyofungwa kwa kamba ikisubiri kupandishwa kwenye matatu. Machi 2, 1975, mbunge J.M. Kariuki alionekana Hilton kwa mara ya mwisho akiwa hai. Baadaye maiti yake ilipatikana kwenye vilima vya Ngong. Kabla mwaka huo haujaisha, wapenzi wa santuri walikuwa wameshapata wimbo wa kumlilia. Mtunzi wake alikuwa Joseph Kamaru.

Kamaru alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a, na akaingia Nairobi mwaka 1957 kutafuta kazi. Hali ya hatari ya enzi za ukoloni haikuwa imeondolewa. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Operesheni Anvil iwazoe maelfu ya Wakikuyu mjini na kuwapeleka vizuizini. Nairobi yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu walijitengea magharibi na kaskazini, kwenye miti na bustani, Wahindi walijaa Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Eastlands. Mwafrika aliyeonekana asubuhi akielekea Kilimani au Lavington alikuwa mpishi, yaya au shamba boi. Kazi za kwanza za Kamaru zilikuwa za aina hiyo hiyo: kusafisha nyumba za watu na kuwalelea watoto. Akadunduliza mshahara hadi akanunua gitaa.

Katikati ya miaka ya 1960 alianza kurekodi, mara nyingi akiimba kwa kupokezana na dada yake, Catherine Muthoni. Walijenga wimbo kama mazungumzo: huyu anauliza, yule anajibu, methali inarushwa na kudakwa. Aliyetoka kijijini juzi na kupanga chumba kimoja Kangemi au Kawangware aliitambua lugha ya nyumbani, ila sasa ilikuwa juu ya gitaa la umeme, ikizungumzia mambo ya mjini. Kamaru hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Mwaka 1972 Gabriel Omolo alitoa "Lunch Time", kwa Kiswahili, kuhusu namna wafanyakazi wa Nairobi wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, na wimbo huo ukavuma Afrika Mashariki nzima.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, Kamaru alikuwa amepata kipimo cha kwanza cha nguvu za santuri. "Ndari ya Mwarimu", yaani kipenzi cha mwalimu, ulimsuta mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake. Chama cha walimu, KNUT, kikatishia mgomo. Mtu aliyewahi kufagia nyumba za watu sasa alikuwa amewatikisa wasomi kwa wimbo wa dakika chache.

Lakini kipaji na ujasiri pekee visingetosha. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walirekodi kwa kampuni za wenye mitaji, wakapewa malipo ya mara moja na kwenda zao, huku santuri ikiendelea kuuzwa. Kamaru alitafuta kaunta yake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 alikuwa na duka la muziki, City Sounds, na hapo ndipo uhuru wake ulipoegemea. Biashara ya santuri katika eneo la River Road ilikuwa rahisi kuielewa. Spika ilielekezwa mlangoni. Msafiri anayekwenda kupanda gari la Murang'a au Nyeri alisikia, akasimama, akaomba irudiwe. Muuzaji akanyanyua sindano, akairudisha ukingoni. Santuri ndogo ya 45 ilibeba takriban dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na mnunuzi aligeuza upande wa pili ili ausikie mwisho wake.

Ndiyo maana wimbo wa J.M. ulipopigwa marufuku redioni, haukufa. Redio ilikuwa ya serikali; spika za maduka hazikuwa zake.

Hata hivyo, Kamaru asichukuliwe kama mpinzani wa kila siku. Mwaka 1980 aliandamana na Rais Moi katika ziara ya Japani, akarudi na wimbo wa kuisifu safari hiyo. Mwishoni mwa mwongo huo, madai ya vyama vingi yalipopamba moto, urafiki huo ukavunjika.

Wakati huo kilichokuwa kikiila kaunta si serikali, ni kaseti. Kwa mashine mbili na kanda tupu, mtu yeyote aliweza kunakili wimbo na kuuuza jirani kabisa na aliyeutunga. Mwaka 1993 Kamaru akatangaza kwamba anaacha muziki wa kidunia na kumwimbia Mungu, na wengi wa mashabiki wake wa zamani hawakumfuata huko. Nyimbo zake za kale, kwa upande mwingine, zilipata pumzi mpya kuanzia mwaka 2000, Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye kwa desturi ya Wakikuyu amerithi jina lake zima, ni mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, mwenye makao Berlin. Yeye hatungi nyimbo za maneno. Hurekodi sauti za mahali, ngurumo za mitambo na minong'ono ya mitaa, kisha huzifuma polepole, kama katika albamu yake ya mwaka 2020, "Peel". Pamoja na kazi hiyo amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwenye intaneti, kupitia Bandcamp, ambako msikilizaji wa Kawangware au wa Chicago anaweza kununua wimbo mmoja mmoja, na jina lililo juu ya ukurasa ni Joseph Kamaru.