Saa nane usiku, umeme ulikuwepo?

Umepanga kompyuta ya ofisi pale Mbinga inakili data saa nane usiku. Asubuhi, hola. Kabla hujalaumu amri yako, andika uptime uone mashine imewaka tangu lini.

Cron ya Unix toleo la 7, mwaka 1979, iliamka kila dakika kusoma orodha ya kazi. Dakika ikipita mashine imezimwa, imepita hiyo. Waliotunga, kule Bell Labs, Marekani, walizoea mashine zisizolala. Sisi, hadi laini ya Makambako–Songea ilipowashwa 2018, tulitegemea jenereta za dizeli!

Ndiyo maana ikaja anacron. Hiyo huandika tarehe kazi ilipofanyika mara ya mwisho. Umeme ukirudi, hufidia. Ila huhesabu siku, si saa.