Habari za Chumba cha Sayansi

Katika kitabu hiki cha jubilii wengine wameandika habari za makanisa na zahanati. Sisi twaandika juu ya chumba cha sayansi, kiitwacho sasa maabara, kwa kuwa shule zetu kadha wa kadha zatafuta fedha za kukijenga. Twawasikia wazee wa kamati wakihesabu chupa na makabati. Ni wachache waulizao moshi utatokea wapi.

Mwaka 1824 Justus von Liebig, kijana wa miaka 21, aliwekwa kuwa mwalimu wa kemia katika mji wa Giessen, Ujerumani. Alipewa nyumba iliyokuwa ya walinzi wa kambi ya askari. Siku zile, mahali pengi wanafunzi walikaa tu wakimtazama mwalimu. Liebig aliwataka watende kwa mikono yao, kila mtu na kazi yake. Walakini jiko lilikuwa la makaa, wala hapakuwa na njia njema ya kutolea mvuke wa madawa, hata kazi yenye mvuke mbaya ikafanywa nje, barazani penye nguzo. Nyumba ilipoongezwa mwaka 1839, ndipo yakawekwa makabati ya vioo yaliyoungana na dohani, mwanafunzi apate kuiona kazi yake bila kuivuta puani.

Robert Bunsen naye, alipofika Heidelberg mwaka 1852, alikuta kemia ikifundishwa katika nyumba ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Dominiko. Henry Roscoe, Mwingereza aliyesoma pale, ameeleza kwamba chumba cha kulia cha watawa ndicho kilichokuwa cha kazi, na kanisa lao limegawanywa, nusu darasa na nusu ghala. Chini ya sakafu ya mawe walilala watawa waliokufa, na mabaki ya madawa yakamwagwa juu ya makaburi yao. (Sisi makatekista jambo hili latuchoma. Lakini nyumba isiyo na mfereji itamwaga uchafu wake wapi?) Gesi haikuwapo, walitumia taa za spiriti, na maji waliyateka uani.

Nyumba mpya ilikamilika mwaka 1855, nayo ilikuwa na gesi. Bunsen na fundi wake Peter Desaga wakatengeneza taa ichanganyayo hewa na gesi kabla ya kuwaka, yenye moto mkali usiotia masizi. Taa hiyo ingali mezani mwa shule nyingi.

Basi shule iliyo mbali na mji yaweza kuanza na taa ya spiriti na pipa la maji lenye bilula, kama walivyoanza wakubwa hao kwa vitu vichache. Lakini madirisha yaelekeanayo, shimo la maji machafu lililo mbali na kisima, na mlango wa pili wa kukimbilia moto ukizuka, hayo yachorwe kabla ya msingi kuchimbwa, kwa maana kuvunja ukuta baadaye ni gharama mara mbili. Fedha zikipungua, makabati ya ukutani na yangoje. Meza za wanafunzi zisingoje, wala ile kabati moja ya madawa yenye kufuli, ambayo ufunguo wake hukaa kwa mwalimu.