Tanga: Bandari na Njia Zake

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo, tundika ramani ya Tanzania ukutani. Waonyeshe wanafunzi Tanga, Pangani, Korogwe, Moshi, Arusha, Dar es Salaam na Mombasa. Somo likiisha, wasome pamoja ukurasa huu kwa sauti, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.

Somo letu la leo ni habari za mji wa Tanga.

Watu wa pwani wana msemo wao: "Tanga, waja leo waondoka leo." Kwa kawaida msemo huo husemwa juu ya watu. Leo nataka tuufikirie juu ya mizigo. Mzigo hauletwi bandarini ili ukae. Waja leo, waondoka leo. Ukikaa, mwenye mali anapata hasara, kuli hana kazi, na mji unalala.

Basi tushike neno moja tangu mwanzo. Bandari ni mlango wa nchi. Mlango unahitaji njia ya kuufikia. Nyumba yenye mlango mzuri, lakini imezungukwa na kichaka pande zote, nani ataingia? Tutatazama njia za Tanga moja moja, tuone kila njia ilipofunguka mji ulipata nini, na ilipofungwa ulipoteza nini.

1. Njia ya miguu

Tazameni ramani. Tanga iko pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Hapo bahari imeingia ndani ya nchi kavu ikafanya ghuba. Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo kiitwacho Toten, chenye magofu ya misikiti ya kale. Upande mmoja kuna Ras Kazone. Kwa hiyo maji ya ghuba ni matulivu, na tangu zamani majahazi yalipata mahali pazuri pa kutia nanga.

Hata hivyo, katika karne ya 19 Tanga haikuwa bandari kubwa ya sehemu zile. Pangani iliishinda. Kwa nini Pangani, nayo ina fungu la mchanga mlangoni mwa mto? Jibu ni njia. Misafara iliyotoka Kilimanjaro, Upare na Usambara ilifuata bonde la mto Pangani mpaka pwani. Ilileta pembe za ndovu, na pia ilileta watu waliotekwa ili wauzwe utumwani. Mizigo ilibebwa na wapagazi, mabegani na vichwani, safari ya majuma mengi kwenda na kurudi.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Tanga ilikuwa na maji mazuri kuliko Pangani, lakini Pangani ilikuwa na njia. Mwenye njia alipata mali.

2. Njia ya reli

Mambo yaligeuka Wajerumani walipoingia. Wazee wetu waliwaita Wadachi. Mwaka 1888 watu wa pwani walipigana nao, na huko Pangani kiongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim. Alikamatwa, akanyongwa Desemba 1889. Mwaka 1890 Sultani wa Unguja alitoa haki zake juu ya pwani hiyo kwa Wajerumani, nao wakamlipa fedha.

Wajerumani walikuja na meli za moshi. Meli za namna hiyo haziwezi kuvuka fungu la mchanga kama jahazi dogo. Zinataka maji ya kina. Basi wakaichagua Tanga, na mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka hapo kwenda bara. Hiyo ndiyo reli ya kwanza katika nchi iitwayo Tanzania sasa.

Kazi ilikwenda polepole. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kisha fedha za kampuni zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Wajerumani ikaichukua. Mwaka 1902 ikafika Korogwe, mwaka 1905 Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Urefu wake wote ulikuwa kilometa 352. Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Kutoka mwaka 1893 hadi mwaka 1911 ni miaka 18. Ukigawa 352 kwa 18 unapata kilometa 19 na kitu kwa mwaka. Mtu wa miguu huenda mwendo huo kwa siku moja!

Na nani aliyefyeka msitu, akachimba udongo na kulaza mataruma? Ni vibarua. Wengine walikuja kutafuta fedha ya kodi, wengine walilazimishwa. Mwaka 1907, katika wilaya ya Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wanaume walipewa kadi za kazi. Kila mmoja alipaswa kuwafanyia Wazungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa mshahara uliowekwa. Shamba lake mwenyewe lilingoja. Tunapotaja reli ya Tanga, tusiwasahau watu hao.

3. Mkonge na gari la moshi

Mwaka ule ule wa 1893 kilikuja kitu kingine, nacho kilikuwa mmea. Bwana mmoja Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa ya mkonge ya nchi yetu.

Mkonge na reli vilikwenda pamoja kama kamba na ndoo. Sikilizeni sababu. Jani la mkonge ni zito kwa maji. Katika kilo 100 za majani hutoka nyuzi kavu kilo 4 hivi. Basi majani husagwa kiwandani pale pale shambani, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikafungwa marobota. Marobota hayo ni mazito mno kwa mpagazi. Yanataka behewa. Ndiyo maana mashamba makubwa yalikaa kandokando ya reli: Ngomeni, Muheza, Korogwe na kuendelea.

Watu walikuja kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba hayo, hata kutoka Kigoma na Songea. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni wenyeji wa Tanga leo.

4. Vita inafungua njia nyingine

Mwezi wa Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga na askari kama 8,000, wengi wao Wahindi. Wakashuka upande wa Ras Kazone. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu. Lakini walikuwa na gari la moshi. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari kwa reli kutoka upande wa Moshi, wakafika kwa wakati. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini. Waliingia Tanga mwaka 1916.

Wakati wa vita hiyo Waingereza walijenga reli yao kutoka Voi, katika Kenya, mpaka Kahe karibu na Moshi. Nia yao ilikuwa kupeleka askari na chakula. Mwaka 1916 reli hizo mbili zilikutana. Vita ikaisha, lakini reli ilibaki. Sasa mwenye kahawa Moshi alikuwa na milango miwili. Angeweza kuipeleka Tanga, au angeweza kuipeleka Mombasa.

Mombasa kulikuwa na jambo ambalo Tanga haikuwa nalo. Kuanzia mwaka 1926, huko Kilindini, meli kubwa zilifunga kwenye gati lenye maji ya kina. Tanga, meli zilitia nanga katikati ya ghuba. Mizigo ilishushwa katika matishari, matishari yakavutwa mpaka ufukoni, kisha makuli wakaipakua tena. Kila robota lilinyanyuliwa mara mbili. Muda ulipotea, na gharama iliongezeka. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, lakini shehena nyingi ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuijua njia ya Mombasa.

Makuli walikuwa na taabu yao. Waliajiriwa kwa siku. Meli ikija kuna ujira. Meli isipokuja mtu hurudi nyumbani mikono mitupu. Agosti 1939 makuli wa Tanga waligoma wakidai malipo bora. Hawa ndio waliojua kuliko wote maana ya bandari kulala.

5. Njia zinafifia

Hata hivyo mkonge uliibeba Tanga kwa miaka mingi. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilipita katika ghuba ile. Mwaka 1963 ilijengwa reli ya karibu kilometa 190 kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, ikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Hilo lilikuwa jambo jema kwa nchi nzima. Lakini kwa Tanga lilifungua mlango wa tatu: sasa shehena ingeweza kwenda Dar es Salaam pia.

Kisha mambo matatu yalikuja karibu pamoja. La kwanza, viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba za nyuzi zisizotoka shambani, na bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ilichukua mashamba mengi, lakini bei haikupanda, na mashamba mengi yaliota magugu. Kufika mwaka 2000 nchi ilitoa tani kama 20,000 tu. La pili, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. La tatu, malori yaliongezeka, na reli haikutunzwa. Katika miaka ya 1990 magari ya abiria yaliacha kwenda kaskazini. Stesheni zikawa kimya. Mama aliyekuwa akiuza machungwa dirishani kwa abiria akakosa wa kumwuzia.

6. Njia zinafunguliwa tena

Mwaka 2019 magari ya moshi ya mizigo yalianza tena kwenda Moshi, na mwishoni mwa mwaka huo abiria wa kutoka Dar es Salaam walipanda tena. Mwaka 2020 gari la abiria lilifika Arusha. Barabara ya lami ilikuwa imekwisha kujengwa kutoka Tanga mpaka Horohoro mpakani, kilometa 65, kwa wanaokwenda Mombasa.

Kuanzia mwaka 2019 hadi mwaka 2023 kazi kubwa ilifanyika bandarini. Bahari ilichimbwa, na gati la meta 450 likajengwa lenye maji ya kina cha meta 13. Tangu hapo meli kubwa inafunga gatini yenyewe. Jambo ambalo Mombasa ililipata mwaka 1926, Tanga ililipata karibu miaka 100 baadaye.

Iko njia nyingine ambayo wapagazi wa zamani wasingeiota: bomba. Mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, karibu na mji wa Tanga. Urefu wake ni kilometa 1,443, na kilometa 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito, huganda yakipoa. Kwa hiyo bomba lilipangwa lipashwe moto njia nzima. Na kama zamani za reli, njia hiyo imepita katika mashamba ya watu. Wako waliohamishwa, na yamekuwapo mabishano juu ya fidia.

Mwisho wa somo

Ndugu wasikilizaji, ghuba ya Tanga haikubadilika kwa miaka yote hii. Maji ni yale yale, kisiwa ni kile kile. Kilichobadilika ni njia za nyuma yake. Wahenga walisema, "Chombo hakiendi ila kwa nyenzo." Bandari nayo haiendi ila kwa njia, na njia haidumu ila kwa kutunzwa. Reli iliyojengwa kwa miaka 18, kwa jasho la watu wengi, iliota majani kwa uzembe wa miaka michache.

Kwa hiyo mkiulizwa katika mkutano wa kijiji juu ya barabara, daraja au kalvati, msiseme, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Mazao yenu yatapita hapo. Ulizeni itapita wapi, nani ataitunza, na mwenye shamba atalipwa nini. Kwa herini mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza
Ghuba: mahali bahari ilipoingia ndani ya nchi kavu.
Gati: mahali meli inapofunga ili kupakia na kupakua.
Tishari: chombo cha kubebea mizigo kati ya meli na ufuko.
Shehena: mizigo ya chombo.
Taruma: kipande cha mti au chuma kinacholazwa chini ya reli.

Maswali
1. Kwa nini Pangani iliishinda Tanga wakati wa misafara?
2. Reli ya kutoka Voi iliisaidiaje Mombasa?
3. Robota la mkonge lilinyanyuliwa mara ngapi lilipopita katika tishari? Eleza hasara yake.
4. Zungumzeni darasani: mazao ya kijiji chenu hupita njia gani mpaka sokoni? Ni mahali gani njia hiyo hukatika wakati wa masika, na nani anapaswa kuitengeneza?