Jini Mezani: Majina Yaliyohama Bila Mwenyewe Kuulizwa

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo walioupa jina Dungeons & Dragons. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya kasha, na toleo la kwanza halikuzidi nakala 1,000. Mchezo wenyewe ni wa masimulizi: watu huketi mezani, mmoja akawa msimulizi anayeusimamia ulimwengu wa kubuni, na wengine kila mmoja akavaa uhusika wake, awe mpiganaji au mchawi. Maneno ndiyo yaendeshayo kisa. Dadu huamua mambo kama vile iwapo pigo limempata adui au limekosa.

Kwa sisi wapenzi wa lugha, kijitabu cha pili ndicho chenye mvuto, kwa kuwa kina orodha ya viumbe. Humo, pamoja na majoka na majitu ya Ulaya, wameandikwa djinn, efreet na ghoul. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: hao ni jini, afriti na ghuli, majina yaliyokwisha kuzoeleka pwani yetu zamani kabla mchezo huo haujabuniwa. Swali ni je, walifikaje Wisconsin, na walipofika walikuwa wangali wale wale?

Tumfuate ghuli kwanza. Katika masimulizi ya Waarabu, ghuli alikuwa kiumbe wa jangwani, mwenye kujigeuza maumbo na kuwapoteza wasafiri njia. Antoine Galland alipoitafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, kazi iliyotoka kati ya 1704 na 1717, ghuli wake alionekana makaburini akila maiti. Mwaka 1786 William Beckford akamwingiza katika riwaya ya Kiingereza, Vathek. Hata alipofika mezani Marekani, ghuli alikuwa yeye mwenyewe maiti atembeaye, ambaye mguso wake humpoozesha mtu viungo. Jina limebaki, mwenye jina amebadilika kila alipovuka mpaka wa lugha.

Mji wa Shaba nao una kisa chake. Katika Alfu Lela Ulela, Musa bin Nusayr anaongoza msafara kutafuta vyombo ambamo Nabii Suleiman aliwafungia majini. Msafara unaukuta mji usio na aliye hai, wenye maandishi yanayowakumbusha wapitao kwamba wafalme na mali zao hutoweka. Kisa kile ni waadhi. Katika mchezo, Mji wa Shaba umekuwa makao makuu ya maafriti, ukielea katika ulimwengu wa moto. Picha yake ilipamba jalada la nyuma la kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979. Mahali pa kutafakari mauti pakawa mandhari ya kupigania.

Kisha ikaja tarakimu. Kitabu cha viumbe cha mwaka 1977, Monster Manual, kilimpa kila kiumbe vipimo vyake: kasi, kinga, kiasi cha uhai, nguvu ya pigo. Jini akawekwa katika ulimwengu wa hewa na afriti katika moto. Juzuu ya mwaka 1983 ikaongeza marid wa maji na dao wa ardhi, ili mraba utimie. Tusiudharau mpango huu. Wachezaji wasiokubaliana kuhusu nguvu za adui hawawezi kucheza. Lakini jini wa masimulizi ya pwani hatishi kwa sababu ya wingi wa uhai wake. Anatisha kwa sababu hajulikani kipimo, na kwa sababu hujadiliana na mtu, huweka masharti, na huudhika.

Jambo zito zaidi ni umiliki. Matoleo ya awali ya mchezo yaliwataja hobbit na ent, viumbe wa J. R. R. Tolkien. Wenye haki za kazi hizo walipolalamika, majina yakabadilishwa yakawa halfling na treant. Nayo kampuni ya mchezo, ilipotoa leseni huria mwaka 2000, ilijiwekea baadhi ya viumbe ilivyobuni yenyewe, kama vile beholder, na kuruhusu wengine wote watumie jini na ghuli. Kisheria hapana kosa. Ila tunaona wazi ni majina yapi yana mlango wa kubishwa na yapi yako barabarani: lililoandikwa na mtu mmoja lina mwenyewe, lililotungwa na vinywa vya watu wengi halina wa kulidai.

Simaanishi kwamba kukopa ni wizi. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, unabeba jina la Kiarabu lenye maana ya kichwa cha ghuli, na humo ni jina la mfalme adui wa Waislamu. Malenga wetu naye alipokea kilichotoka ng'ambo, akakivika vina na mizani. Lililo hatarini ni hili: tukitunga michezo na riwaya zetu za kubuni kwa kunakili efreeti kutoka Kiingereza, tutakuwa tumelipokea vazi letu wenyewe lililoshonwa upya na mgeni, tena bila kulitambua.

Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, alianza na maneno. Jina la orc alilipata katika msamiati wa lugha hiyo. Nasi tuna mzizi -zimu. Ukiuingiza katika ngeli unapata mzimu, roho ya aliyekufa. Kuzimu, makao ya wafu. Wazimu, hali ya akili iliyopotea. Na zimwi, mla watu wa hadithi. Ndugu zake wametawanyika katika lugha za Kibantu: Wazulu wana izimu, jitu lila watu, na Wasotho humwita Mungu Modimo. Mzizi mmoja umebeba kiumbe, mahali, maradhi na utukufu, na ngeli ndizo zinazogawa kazi.

Tena methali yatuambia kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo pana kanuni ambayo hakuna jedwali la vipimo lililowahi kuiandika: madhara ya adui hutegemea mnajuana kiasi gani. Malenga atakayeketi kuunda ulimwengu wa mchezo kwa Kiswahili aanzie hapo, aulize zimwi linamjua nani, na lilimjulia wapi.