Faili ya Nyumbani katika Bonde la Ufa la Kati

Faili ya nyumbani ni mkusanyiko mmoja wa hati, risiti na orodha za shughuli za familia, uliopangwa ili mtu wa nyumba aliyeruhusiwa aipate karatasi inayotakiwa bila kumwuliza aliyeiweka. Nakuru mjini, Molo, Njoro, Subukia, Gilgil na Naivasha, nchini Kenya, karatasi za nyumba nyingi bado hukaa katika bahasha ya kaki chini ya godoro, katika sanduku la bati lenye kufuli, au katika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo na kutundikwa kwenye boriti. Washauri wa mambo ya nyumbani hupenda kuiweka faili hii kapu moja na upangaji wa kabati la vyombo, kana kwamba shida ni unadhifu tu. Makala hii inashikilia jambo jingine: katika eneo hili faili ya nyumbani ni chombo cha ushahidi, na ubora wake hupimwa siku ambayo aliyeipanga hayupo.

Historia ya eneo ndiyo shahidi wa kwanza. Karatasi ya mwanzo ambayo familia nyingi za Bonde la Ufa zililazimika kuitunza ilikuwa kipande, kitambulisho cha kazi kilichotokana na sheria ya 1915 na kutiliwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Lililokuwa na uzito humo kuliko hata jina lake ni sahihi ya mwajiri wa mwisho: bila sahihi ya kuachishwa, aliyehama kutoka shamba la mlowezi mmoja hadi jingine alihesabiwa mtoro. Baada ya uhuru karatasi ilianza kumsemea mwenye nayo. Makampuni na vyama vya kununua ardhi, kama Ngwataniro, Mutukanio na Ndeffo, vilichanga fedha za watu wa kipato kidogo na kununua mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Mwanachama hakuondoka na hati miliki. Aliondoka na risiti ya hisa, kisha cheti cha hisa, kisha kijikaratasi cha kura chenye nambari ya ploti, kisha risiti ya ada ya upimaji. Hati miliki mara nyingi ilifuata miaka mingi baadaye, na wako wenye hisa waliofariki kabla ya kuiona. Aliyetunza cheti cha hisa akatupa kijikaratasi cha kura alibaki na haki ya shamba bila njia ya kuonyesha ni shamba lipi.

Mnyororo huo ndio unaofundisha jinsi ya kupanga. Desturi inayopendekezwa mara kwa mara ni kupanga kwa aina: vyeti pamoja, risiti pamoja, barua pamoja. Faili ya namna hiyo hupendeza macho lakini humfaa mpangaji peke yake, kwa sababu yeye tu ndiye anayekumbuka kwamba risiti fulani ni ya upimaji wa ploti fulani. Afisa wa ardhi, karani wa mahakama au mwalimu mkuu haulizi aina ya karatasi. Huuliza wewe ni nani, kitu hiki ni cha nani, kimelipiwa nini na kimebaki nini. Kwa hiyo kila ploti ipewe sehemu yake tangu risiti ya kwanza hadi upekuzi rasmi wa mwisho katika ofisi ya ardhi, na kila mtu wa nyumba apewe yake: cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, vyeti vya mitihani, nakala ya kitambulisho, nambari ya mamlaka ya kodi (KRA), ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na ya mamlaka ya afya ya jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha aongeze mkataba, karatasi za mishahara na cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akitoe kazi inapokwisha. Madai mengi chini ya sheria hiyo yana muda wa miaka mitatu tu, nao huyoyoma haraka mtu anapozunguka kutafuta barua ya kuajiriwa.

Mbele ya yote hayo kunahitajika ukurasa ambao miongozo ya kigeni haiujui: ukurasa wa majina. Karani mmoja aliandika Jebet, mwingine Chebet. Mama aliyenunua hisa kama Wanjiku alichukua kitambulisho kama Mary W. baada ya kuolewa. Herufi ya r ikawa l, jina la baba likaja mbele kwenye cheti kimoja na nyuma kwenye kingine. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisi ni watu wawili mpaka paletwe kiapo kilichotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo au wakili. Familia ikiandika kwenye karatasi moja kila jina lilivyo katika kila hati, tofauti hizo hugunduliwa mapema, mwenye majina angali hai wa kuapa mwenyewe. Akishakufa, ni wengine watakaoapa kwa niaba yake, na hapo ndipo ndugu wa mbali anapopata mlango wa kupinga.

Kifo ndicho mtihani mkubwa kuliko yote. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inawataka warithi wapitie mahakamani kabla ya ardhi ya marehemu kuhamishwa, na hapo karatasi hutakiwa kwa pamoja: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja walioachwa, upekuzi rasmi wa ardhi, vitambulisho vya wote. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kibali cha mazishi ndicho cheti cha kifo. Kibali huruhusu kuzika, lakini cheti huombwa kwa msajili. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati miliki ikiwa imepotea, huanza safari nyingine: taarifa ya polisi, kiapo, tangazo katika Gazeti Rasmi, na kungoja siku 60 kabla ya hati mpya kutolewa. Hati iliyopo ila haijulikani iliko huigharimu familia sawasawa na iliyoungua. Upande wa fedha taifa zima lina ushahidi wake: sheria ya 2011 iliunda Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, ambayo imepokea mabilioni ya shilingi kutoka benki, kampuni za bima, kampuni za simu na kwingineko. Sehemu ya fedha hizo ni ya marehemu ambao hawakumwambia mtu kwamba zipo.

Hapa huja pingamizi ambalo kwa kawaida halisemwi kwa sauti: kwamba karatasi za mwenye nyumba ni siri yake, na mke au watoto wakizijua watamgeuka. Hofu hiyo haitoki hewani, maana ugomvi wa ardhi ndani ya familia ni wa kila siku katika mahakama za Nakuru. Lakini sheria yenyewe haikubaliani tena na usiri wa upande mmoja. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa mali kwa kadiri ya mchango, ikihesabu pia kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali. Mchango lazima uthibitishwe. Matokeo yake, risiti ya saruji, ya mabati au ya karo aliyolipa mke kwa faida ya kibanda chake sokoni imekuwa hati ya mali. Ikikaa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake ni wa mume peke yake, haina kazi kwa aliyeilipia. Suluhisho si kila kitu kuanikwa sebuleni. Nambari za siri za benki na simu zisiandikwe kwenye faili hata kidogo; iandikwe tu kuwa ipo akaunti benki fulani, hisa katika chama fulani cha akiba na mikopo (Sacco), laini fulani ya M-Pesa, na aliyetajwa kama mrithi ni nani.

Pingamizi la pili ni la vijana: serikali imehamia mtandaoni, karatasi za nini? Ni kweli huduma nyingi sasa ziko kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, na mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi. Walakini rekodi ya mtandaoni huanza siku ilipoingizwa, na karani aliyeiingiza aliinakili kutoka karatasi, pamoja na makosa yake. Ukitokea mvutano, wote hurudi kwenye karatasi. Tena akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa kitambulisho na simu ya mtu mmoja. Mtu huyo akilazwa hospitalini, hati zilizomo hufungika naye. Ukiritimba uliokuwa kwenye ufunguo wa sanduku la bati umehamia kwenye simu, na mara nyingi mshika ufunguo mpya ni kijana wa duka la intaneti (saiba) aliyeifungua akaunti na kuchagua neno la siri yeye mwenyewe.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi. Kuweka kila kitu mahali pamoja ni kumpa adui, moto au maji kazi nyepesi. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu kuwa ziliua watu 1,133 nchini, nyumba ziliteketea na karatasi zake, na Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukajaa watu waliokimbia na nguo za mwilini. Molo ilikuwa imeshapitia hayo 1992, Njoro 1998. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai na kuua watu wasiopungua 47. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipanda likaingia katika mtaa wa Kihoto. Hata hivyo, karatasi zilizotawanyika ndani ya nyumba moja huungua pamoja na nyumba hiyo, moja chini ya godoro na nyingine kabatini. Zinazonusurika ni mbili: ile inayobebeka kwa mkono mmoja usiku, na nakala iliyo mahali pengine. Faili moja isiyoingia maji hutimiza la kwanza. La pili hutimizwa na nakala zilizothibitishwa na wakili, zikawekwa kwa dada au binamu katika mji mwingine, si nyumba ya jirani, maana mafuriko hayabagui majirani. Picha za simu zilizotumwa kwa mtoto aliye mbali hazichukui nafasi ya hati, ila hutunza nambari zake, na kwa nambari ofisi inaweza kuanza kutafuta.

Kuna na wanaosema karatasi haimlindi mnyonge, wakitaja msitu wa Mau Mashariki, ambako familia zilizokuwa na hati za serikali ziliambiwa baadaye kwamba hati hizo ni batili. Hili halina jibu jepesi. Serikali ikiikana sahihi yake mwenyewe, hakuna faili itakayoizuia. Kinachoonekana ni kwamba hata mapambano dhidi ya dola huendeshwa kwa ushahidi. Waogiek, jamii ya wakazi wa asili wa msitu wa Mau, ambao dai lao lilisimama juu ya ukazi wa kale kuliko hati yoyote, walishinda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tarehe 26 Mei 2017, baada ya kesi iliyojengwa kwa kumbukumbu zilizokusanywa kwa miaka mingi, zikiwemo ilani za kuwafukuza. Barua mbaya hutunzwa sawa na nzuri. Familia nyingi huchana ilani kwa hasira, na pamoja nayo tarehe.

Upande wa shughuli, faili huhitaji karatasi moja tu ya mwaka, ibandikwe ndani ya jalada. Humo huingia ritani za KRA kabla ya 30 Juni, bima ya gari, kodi ya ardhi ya kaunti, chanjo za watoto, karo za mihula mitatu, na kwa mkulima wa viazi wa Mau Narok au Elburgon, ununuzi wa mbegu na mbolea kabla ya mvua za masika. Kila jambo liandikwe na mtu wa kulifanya pamoja na mtu wa pili. Safu ya mtu wa pili ikibaki tupu, au ikijaa jina lilelile, nyumba imejionea yenyewe udhaifu wake ulipo.

Yaliyobaki ni ya mkono. Risiti nyingi za dukani na za mashine za benki hazina wino. Maandishi yake hutokana na joto, na joto na mwanga huohuo huyafifisha mpaka karatasi ikabaki nyeupe, kwa hiyo itolewe nakala kabla ya kufailiwa. Cheti kilichopigwa lamineti huonekana kimelindwa, lakini muhuri wa kugandamiza haugusiki tena, na plastiki haitoki bila kuchana. Mfuko wa plastiki wa kuingiza na kutoa unatosha. Molo na Mau, kwenye baridi na unyevu, faili isiegemezwe ukutani wala kuwekwa sakafuni, maana ukungu na mchwa hupitia huko. Kumbukumbu za kodi hutakiwa kwa miaka mitano, madai ya mikataba huisha baada ya sita, ya kurejesha ardhi baada ya 12. Karatasi za shamba zenyewe hazina mwisho. Bili za maji na stima zilizotimiza miaka saba, zisizo na mgogoro, zinaweza kuwashia jiko.